Mtumishi wa umma akisakamwa mtandaoni, sheria inamlinda yeye au inalinda cheo?

Kaka wa Nesi · #1

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, na wanasheria mliomo humu msipite kimya.

Dada yangu ni muuguzi katika kituo cha serikali, wilaya siitaji. Wiki iliyopita zamu ya usiku alikuwa peke yake, ndugu wa mgonjwa akamrekodi akiwa ameinamia simu. Video ya sekunde kumi na nne, juu yake imeandikwa "nesi anachati, mgonjwa anakufa". Mgonjwa hakufa, yuko kwao anakunywa uji. Na hiyo simu dada alikuwa anamtafuta daktari aliyetakiwa kuwepo. Hayo yote hayamo kwenye sekunde kumi na nne.

Kulipokucha video iko kila grupu, na kuna aliyeongeza namba ya dada chini yake. Tangu hapo simu haipumui. Matusi, wengine wanamtaka kimapenzi saa nane za usiku, na mmoja kaandika jina la shule anayosoma mwanawe. Mkuu wake wa kazi kamwambia asijibu chochote, "litapita tu".

Swali: miaka yote tunasikia watu wanakamatwa kwa kumtukana kiongozi mtandaoni. Huyu naye si mtumishi wa umma? Sheria gani inamlinda, na aanzie wapi?

Tarishi · #2

Pole kwa dada. Navuta kiti, wanasheria wanakuja sasa hivi.

Mgonjwa wa Foleni · #3

Pole yake, ila tuseme ukweli. Mtu hatoi simu kurekodi kwa sababu anapenda sinema. Anatoa kwa sababu sanduku la maoni pale mlangoni lina kutu kwenye kufuli, na ukienda kwa mganga mfawidhi unaambiwa yuko kikaoni. Video ndiyo barua pekee inayojibiwa siku hiyo hiyo. Mtumishi analipwa kwa kodi yangu, avumilie kusemwa. Tukianza kutunga sheria za kumlinda asisemwe, kesho mwenye kulalamikia dawa naye atakamatwa.

Wakili wa Kijiweni · #4

Mleta mada, sheria ipo. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo huo. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu mwingine ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu ni faini isiyozidi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu. Hakisemi mtumishi wala rais wala muuza genge. Kinamlinda mtu yeyote.

Kwa hiyo aende polisi, afungue RB (namba ya taarifa ya polisi), aonyeshe ujumbe. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, huyo aliyeandika jina la shule atapatikana kabla ya wiki kwisha.

Bi Chaki · #5

Wakili, rudi usome tena. Faini "isiyopungua" milioni tano, kifungo "kisichopungua" miaka mitatu, au vyote viwili. Kiwango cha chini, siyo cha juu. Tofauti ni kubwa mno kwa aliye kizimbani.

Wakili wa Kijiweni · #6

Mwalimu umeshatoa kalamu nyekundu. Nakubali, niliandika kwa haraka. Ni isiyopungua.

Tarishi · #7

"Atapatikana kabla ya wiki kwisha", hahaha. Wakili hujawahi kuibiwa simu wewe.

Mpiga Ramli · #8

Si atume hizo namba kwenye 15040, TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) wazifungie? Mbona rahisi.

Bi Chaki · #9

15040 ni ya matapeli mkuu, wale wa "ile hela tuma kwa namba hii". Huyu hajatapeliwa, ametishwa. Ni vitu viwili tofauti.

Mzee wa Faili · #10

Nimekaa ofisi za utumishi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, niongee kidogo.

Mnaangalia polisi na mahakama, mimi naangalia ofisi yake. Mtumishi amefungwa mdomo na kanuni za maadili: habari za ofisi zinatolewa na msemaji aliyeruhusiwa, basi. Dada wa watu hata akitaka kuandika kwenye ukurasa wake "nilikuwa nampigia daktari", anaweza kuitwa ajieleze, kwa sababu ametaja mambo ya zamu na ya mgonjwa. Anayemshambulia anaongea apendavyo, yeye anaambiwa anyamaze kwa heshima ya utumishi. Sasa ofisi ikishamnyamazisha, ni nani anapaswa kumsemea? Ofisi hiyo hiyo. Nayo inasema litapita.

Yalinikuta mwaka mmoja, enzi za blogu. Karani wangu wa masijala alisingiziwa kwamba anauza mafaili ya viwanja. Tukachunguza, hakuna kitu. Nikaandika taarifa ya kumsafisha, bosi akaikalia: "Tukijibu tutaonekana tunatetea rushwa." Yule binti aliomba uhamisho. Faili lake nililifunga mimi.

Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 190 wa 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulianza kutumika Juni 2021. Umetaja wazi mawasiliano yanayohusiana na kazi, yakiwemo ya njia za teknolojia. Kwa jicho hilo, hili ni ajali ya kazini kama kuchomwa sindano. Mwajiri hawezi kusema litapita.

Mgonjwa wa Foleni · #11

Mzee #10 umenigusa hapo kwenye mtumishi kutoweza kujibu. Sikuwa nimelifikiria. Ila bado nasema: kilichomponza ni ofisi yake kuwa na jina baya kabla hata yeye hajaingia zamu.

Jirani wa Namanga · #12

Habari wana Bongo. Hapa Kenya tumepigana na hili jambo kortini mpaka tukachoka, wacha niwape picha.

Zamani Kanuni ya Adhabu yetu ilikuwa na kifungu cha 132, kosa la kudhoofisha mamlaka ya ofisa wa umma. Bloga Robert Alai akashtakiwa nacho kwa kumwita Rais Kenyatta rais kijana asiyekomaa. Aprili 2017 Mahakama Kuu ikakifuta kwamba kinakiuka Katiba. Miezi miwili kabla ya hapo, Februari, kashfa kama jinai nayo ilikuwa imefutwa, ile kesi ya Okuta. Yaani sheria iliyokuwa ikilinda *kiti* ikaondoka.

Halafu 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao. Kifungu cha 27 kinahusu kumsumbua mtu. Hicho kinalinda *mtu*, na kimeandikwa kwa upana kuliko chenu: kinashika mawasiliano ya moja kwa moja *au yasiyo ya moja kwa moja*, na hata yakienda kwa watu wanaomfahamu. Tena kinamruhusu aliyesumbuliwa aombe korti amri ya kumzuia msumbufu, hata nje ya saa za kazi, na korti inaweza kuiagiza kampuni ya simu itoe jina la mwenye laini. Adhabu ndiyo kali, hadi milioni ishirini za huku au miaka kumi ndani.

Kaka wa Nesi · #13

Jirani, hiyo ya kuomba amri usiku ndiyo ninayoitafuta. Dada hataki mtu afungwe miaka mitatu, anataka simu inyamaze na yule wa shule ajulikane ni nani. Wakili, sisi tunayo?

Wakili wa Kijiweni · #14

Kwenye kifungu cha 23 haimo. Unaweza kwenda mahakama kwa njia ya madai kuomba zuio, lakini lazima umjue wa kumshtaki, na hapo unarudi kwa polisi wakutafutie jina.

Na Jirani kagusa tundu ambalo nilikuwa naliruka kimyakimya. Chetu kinasema kutuma "kwa mtu mwingine" kwa nia ya kumsumbua. Waliomtumia dada ujumbe kwenye simu yake wako ndani ya kifungu. Aliyeweka video kwenye grupu ambalo dada hayumo, je? Hakumtumia yeye kitu, alituma *kuhusu* yeye. Wakili wa utetezi atalala hapo hapo.

Bi Chaki · #15

Huyo wa video si mnamshika kwa kifungu cha 16? Taarifa za uongo. "Mgonjwa anakufa" na mgonjwa anakunywa uji.

Wakili wa Kijiweni · #16

Utahitaji kuonyesha kwamba alijua ni uongo na alikuwa na nia mbaya. Ndugu wa mgonjwa saa tisa usiku, ana hofu, anamwona nesi na simu. Ataapa mbele ya hakimu kwamba aliamini anachokiandika, na mimi ningemwamini. Kifungu cha 16 mimi sikipendi hata kidogo, kimewabeba watu wengi ambao kosa lao ni kuchokoza wakubwa.

Mpiga Ramli · #17

Kama yule kijana wa Arusha 2016 aliyefungwa miaka mitatu kwa kumtukana Magufuli Facebook.

Tarishi · #18

Hakufungwa moja kwa moja. Alipewa miaka mitatu *au* faini ya milioni saba.

Mpiga Ramli · #19

Milioni saba kwa mtu wa kawaida si ndiyo kufungwa kwenyewe?

Mgonjwa wa Foleni · #20

Sasa mmefika kwenye hoja yangu bila kujua. Sheria hizi zinaandikwa kwa kutaja mtu yeyote, zinatumika kwa mtu fulani. Rais akiguswa, faili linakimbia. Muuguzi akitishiwa mtoto, litapita. Ndiyo maana sitaki ziongezwe makali. Makali yakiongezwa yatanifikia mimi kabla hayajamfikia anayemtishia dada.

Jirani wa Namanga · #21

Nakupa ushahidi wa bure. Oktoba 2025 hicho kifungu chetu cha 27 kilifanyiwa marekebisho, kikaongezewa maneno kuhusu mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue. Rais akatia sahihi tarehe 15. Tarehe 22 Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu yake kwa muda, walalamikaji wakisema maneno ni mapana mno, yanaweza kunasa mkosoaji yeyote.

Mwanafunzi wa Makerere · #22

Jirani #12, hapo kwenye "kinalinda mtu siyo kiti" utulie kidogo. Uganda kifungu cha usumbufu wa mtandaoni nacho kilimlinda "mtu". Mtu aliyelindwa 2019 alikuwa Rais Museveni. Dkt. Stella Nyanzi aliandika shairi Facebook, akahukumiwa miezi kumi na minane kwa kosa hilo hilo la kumsumbua. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu, lakini alikuwa ameshakaa ndani muda mrefu. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kifungu jirani, cha 25, cha mawasiliano ya kuudhi. Cheo kinajua kuvaa nguo za mtu wa kawaida kikitaka.

Jirani wa Namanga · #23

Hapo umenipata.

Bi Chaki · #24

Basi kipimo kisiwe tusi, kiwe nguvu ya anayetukanwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hii hii iliyoko Arusha, Desemba 2014 iliamua kesi ya Konaté wa Burkina Faso, mhariri aliyefungwa mwaka mzima kwa kumwandika mwendesha mashtaka. Ikasema kifungo kwa kosa la kashfa kimepita kiasi, na kwamba mwenye wadhifa wa umma avumilie kukosolewa zaidi ya raia. Nakubaliana nayo kabisa. Mwendesha mashtaka ana dola nyuma yake.

Lakini muuguzi wa zamu, mwalimu wa darasa la pili, mtendaji wa mtaa? Hawakugombea. Ulaya waliliona hili mapema: 1999, kesi ya Janowski dhidi ya Poland. Mwandishi wa habari aliwatukana mgambo wa manispaa waliokuwa wanawaondoa wachuuzi kwenye uwanja wa mji, akatozwa faini. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema haki yake haikuvunjwa, kwa sababu mtumishi wa kawaida hajajianika kwa umma kama anavyojianika mwanasiasa.

Mgonjwa wa Foleni · #25

Mwalimu unatutolea mfano wa MGAMBO WANAOFUKUZA WACHUUZI kama watu wa kuonewa huruma? Ningekuwepo ningewatukana pamoja na huyo mwandishi.

Tarishi · #26

😂😂 Uzi umechangamka.

Bi Chaki · #27

Mfano nimeuchagua vibaya, hoja inabaki pale pale. Na mimi nina langu. Mwaka juzi nilimpa mtoto wa watu sifuri kwa sababu aliandika sifuri. Mzazi akaweka picha yangu kwenye grupu la wazazi na maneno ambayo siwezi kuyarudia. Sikwenda polisi. Nilimwita mzazi, tukakaa na daftari mezani, akaona. Akaomba radhi pale pale ofisini, ila kwenye grupu hakuandika neno. Wazazi mia na kitu waliosoma tusi, radhi hawajaisoma mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma, na sioni kifungu kinacholigusa.

Fundi wa Nyaya · #28

Wakuu mnaongea sana kuhusu tusi. Tusi haliui. Kinachoua ni anwani. Marekani, Julai 2020, mtu mwenye kinyongo alifika nyumbani kwa Jaji Esther Salas kule New Jersey akijifanya analeta mzigo, akamuua kijana wake Daniel wa miaka 20 na kumjeruhi mumewe. Baada ya hapo wakatunga sheria yenye jina la Daniel, kwanza jimboni halafu ya taifa zima Desemba 2022, inayowawezesha majaji kudai anwani zao ziondolewe mtandaoni. Hawakugusa kukosolewa kwa jaji. Waligusa nyumba yake.

Kwa dada: namba na jina la shule ndivyo vya kukimbizana navyo kwanza. Na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, ina Tume yake. Alalamike kule.

Wakili wa Kijiweni · #29

Hoja nzuri, ila usimpe matumaini makubwa. Sheria ile imewalenga wakusanyaji na wachakataji wa taarifa, yaani kampuni, benki, hospitali, wenye programu. Jamaa wa grupu la WhatsApp siyo rahisi kumvika hiyo kofia. Swali la kuuliza ni namba ilitoka wapi. Kama imetolewa kwenye orodha ya zamu iliyobandikwa ukutani, au mtu wa ndani kaitoa, hapo ofisi ina la kujibu, na Tume ina mahali pa kushika.

Kaka wa Nesi · #30

Orodha ipo ukutani. Majina na namba za simu, karibu na dirisha la dawa. Nimepita pale mara mia sijawahi kuwaza.

Mzee wa Faili · #31

Hiyo orodha tuliibandika sisi miaka hiyo kwa nia njema kabisa, ili mwananchi apige asipomkuta mtu. Hakuna aliyekuwa na kamera mfukoni. Iondolewe leo, iwekwe namba moja ya ofisi.

Mgonjwa wa Foleni · #32

Na hiyo namba moja nani ataipokea saa tisa usiku, Mzee?

Mzee wa Faili · #33

Ndilo tatizo.

Mpiga Ramli · #34

Natoka nje ya mada kidogo. Kuna mkuu mmoja kaniblokia X baada ya kuuliza barabara yetu. Hiyo nayo si kuninyanyasa?

Fundi wa Nyaya · #35

Marekani waliamua hilo Machi 2024, Lindke dhidi ya Freed. Ikategemea kama ofisa ana mamlaka ya kuongea kwa niaba ya serikali na alikuwa anaitumia akaunti hiyo kwa kazi hiyo, au alikuwa anaweka picha za mbwa wake. Hapa kwetu andika barua, mkuu.

Mpiga Ramli · #36

Barua niitie kwenye lile sanduku lenye kutu la #3?

Mama wa Mirathi · #37

Nimesoma wote. Nafanya kazi mahakamani, ngazi ya chini, sitasema zaidi. Kesi nyingi za aina hii ninazoziona zinakufa kwenye ushahidi, wala siyo kwenye kifungu. Mtu analeta skrinshoti tupu, namba imekatwa, tarehe haipo, na simu yenyewe ameshaifuta kwa hasira. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inapokea ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama inaangalia umehifadhiwaje na kama unaaminika. Dada asifute kitu. Asibadilishe simu. Ujumbe wa sauti asiusambaze kwa ndugu "wasikilize". Ule wa shule autenge, kwa sababu kutishia ni kosa hata kwenye Kanuni ya Adhabu, halihitaji mtandao wala cheo. Akienda kituoni aanze na huo mmoja. Ukipeleka jumbe mia mbili askari anaona mlima. Ukipeleka mmoja wenye jina la mtoto, anaona mtoto.

Kaka wa Nesi · #38

Ahsante sana Mama #37, hili nimemsomea kwa simu neno kwa neno. Kesho asubuhi tunakwenda.

Wakili wa Kijiweni · #39

Naunga mkono #37. Bado nasema kifungu cha 23 kinatosha kama kingetumika.

Mgonjwa wa Foleni · #40

Na mimi bado nasema kisitumike mpaka sanduku lifunguliwe. Ila huyo wa shule mshikeni, huyo siyo mlalamikaji, huyo ni jambazi.

Tarishi · #41

Mleta mada, mrejesho. Siku ya tatu leo.

Kaka wa Nesi · #42

Samahani wakuu, tulikuwa mbioni. RB tumepata. Simu imechukuliwa kwa uchunguzi, dada anatumia simu yangu ya kitochi. Orodha ya ukutani imeondolewa, tulipoulizia nani kaiondoa kila mtu kasema siyo yeye. Ofisi yake haijaandika chochote.

Pale kaunta askari alimwangalia dada muda mrefu, akamuuliza, "Kwani wewe ndiye yule wa kwenye video?"

Tarishi · #43

Akajibu nini?

Kaka wa Nesi · #44

Akamwambia, "Ndiyo. Andika."